Kupaona Bila Kufika

Ndege ndogo haina adabu. Kabla mgeni wako hajapanda, inataka kujua ana kilo ngapi, na makadirio ya heshima haiyakubali. Nilipomwalika rafiki yangu turuke pamoja Jumamosi moja ya Februari, hilo ndilo swali la kwanza nililomtumia kwenye simu: una kilo ngapi, ukiwa na viatu na mkoba? Alinyamaza karibu nusu saa. Kisha akajibu: "Sabini na moja. Na ukimwambia mtu, mimi na wewe hatujuani." Ameniruhusu kuitaja idadi hiyo hapa kwa sharti kwamba niseme mkoba ulijaa vitabu. Mkoba ulijaa vitabu.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 172 ya kukodi: viti vinne, propela moja, injini ya nguvu za farasi 160. Uzito wa juu inaoruhusiwa kuruka nao ni kilo 1,043, na humo umo mwili wa ndege, petroli, watu, na hata chupa ya maji iliyo chini ya kiti. Petroli peke yake, matangi yakijaa, ni zaidi ya kilo 100. Tulikuwa wawili tu, kwa hivyo nilijua jibu kabla sijafika mwisho wa hesabu. Nilifika mwisho hata hivyo. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi, na injini kama ile hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake kabla magurudumu hayajaondoka chini. Kilo ambazo Mombasa hazisikiki, Nairobi zinasikika.

Haya nilifunzwa na mjomba aliyenilea. Alikuwa fundi wa injini za ndege pale Wilson kwa miaka mingi, nami nilikulia Lang'ata nikizijua ndege kwa mlio kama watoto wengine wanavyozijua matatu za mtaani kwao. Alipenda kunikumbusha kwamba uwanja ule una jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929. Mjomba alipostaafu, alitenga sehemu ya kiinua mgongo chake kwa ajili ya masomo yangu ya urubani, akaniambia nijazie kwa mshahara wangu wa kwanza. Leseni ya rubani binafsi inadai si chini ya saa 40 za kuruka. Mimi zilinichukua zaidi ya 60, kwa sababu niliruka pesa zilipopatikana na kusahau zilipokosekana.

Sasa nasoma uzamili wa Kiswahili, na watu huniuliza leseni hiyo nitaifanyia nini. Hainiruhusu kubeba abiria kwa malipo. Rafiki yangu alipotaka kuchangia petroli, nilimwambia atanunua chai. Kitu ninachoweza kukifanya nayo, zaidi ya kuruka peke yangu, ni kumchukua mtu ninayempenda nikamwonyesha nchi yake kutoka mahali ambapo hajawahi kukaa.

Nilikuwa nimempangia Naivasha: ziwa, Mlima Longonot na kinywa chake kikubwa, turudi kabla ya saa nne. Ndiyo safari ambayo wageni huipenda. Yeye hakuitaka.

"Nipeleke kwetu," akasema.

Kwao ni kando ya barabara ya Magadi, ukishapita Oltepesi, upande ambao Mlima Olorgesailie unaonekana vizuri jioni. Kwa gari haifiki saa mbili kutoka mjini. Nikamwambia hivyo.

"Sitaki kufika. Nataka kupaona tu."

Alikuwa na miezi kumi na minne hajaenda nyumbani. Nilizijua sababu kama rafiki anavyozijua, kwa vipande, vingi vikitolewa usiku wa manane kwenye chumba cha hosteli. Wazee wake walikuwa wanachama wa ranchi ya kikundi, ule mpango ulioletwa na sheria ya mwaka 1968, ambapo ukoo na majirani walimiliki malisho kwa pamoja. Baadaye ranchi nyingi za Kajiado ziligawanywa, kila familia ikapata kipande na hatimiliki yake. Baba yake alipofariki, kaka zake waliuza sehemu iliyopakana na barabara. Mama yao akaweka kidole gumba kwenye karatasi.

Rafiki yangu anasomea jiografia. Tasnifu yake ya uzamili inahusu ugawaji huohuo wa ardhi, na siku nzima hukaa mbele ya picha za setilaiti akichora mipaka ya vipande vya watu wengine. Habari za kipande chao alizipata nguzo za ua zikiwa zimeshasimikwa. Tangu hapo yeye na mama yake walikuwa wakitumiana salamu za sikukuu, basi.

Jumamosi hiyo tulifika Wilson saa moja kasoro. Nilizunguka ndege nikiigusa kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani: bawa, tairi, propela, nikipitisha kidole kwenye makali yake kutafuta pengo lililochimbwa na jiwe. Nilikinga petroli kidogo kutoka kila tangi kwenye kikombe kinachopenyeza mwanga. Petroli ya ndege hizi ni ya buluu, na maji yakiwemo hukaa chini kama shanga.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Maji."

"Na yakiwemo?"

"Yasipokwisha, tunakunywa chai tunarudi nyumbani."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Kabla ya kuwasha injini kuna maneno ambayo abiria lazima aambiwe. Nilimwonyesha mkanda unavyofungwa na mlango unavyofunguliwa. Nilimwambia nikiongea na mnara anyamaze, na akiona ndege nyingine aniambie hata kama anadhani nimeiona. La mwisho si la kitabuni, ni la mjomba: yeyote kati yetu akisema "turudi", tunarudi, na hakuna atakayeulizwa sababu.

"Na nikisema 'shuka'?" akauliza kwa mzaha.

"Nitakusikia."

"Utanisikia ama utashuka?"

"Nitakusikia," nikarudia. Akanipigia saluti. "Sawa, Kapteni."

Tuliondoka saa moja na nusu. Kwa mtu aliyezoea ndege kubwa, kuruka kwa ndege ndogo kunashangaza kwa polepole yake. Unakimbia, unakimbia, unaanza kufikiri labda leo haitakubali, kisha mtetemo wa magurudumu unakatika na unajikuta hewani. Chini yetu Mbuga ya Nairobi ilianza palepale mji ulipokoma. Rafiki yangu aligandamiza paji la uso kwenye dirisha. Kisha ikaja Ongata Rongai na mapaa yake ya mabati yanayometameta, Kiserian na bwawa lake, na upande wa kulia Milima ya Ngong, mgongo wa kijani ukiwa na mitambo ya upepo juu yake.

Kwenye miteremko ya Ngong amezikwa Denys Finch Hatton. Walimu wetu wa urubani walimtaja mara nyingi, na watalii humjua kwa sababu Karen Blixen alimwandika. Mnamo Mei 1931 aliruka kutoka Voi kwa ndege yake ndogo. Iliinuka, ikazunguka, ikaanguka na kuwaka moto. Hakuwa peke yake. Ndani alikuwamo Kamau, mtumishi wake, naye akafa. Vitabu na filamu vimeshughulika na rubani, na kaburi lake lina mnara. Abiria wake hupewa sentensi moja, wakati mwingine nusu, na jina moja.

Nilianza kumfikiria Kamau siku nilipopata leseni, na nikimbeba mtu sipiti Ngong bila kumkumbuka. Sijui kama aliulizwa anataka kupanda. Aliketi ndani ya ndege ya mtu aliyemwamini, au aliyelazimika kumwamini, na mambo yote yaliyoamua maisha yake yalikuwa mikononi mwa yule mwingine. Hata ndege ikiwa na vioo pande zote, abiria haoni jambo la maana zaidi, yaani kinachoendelea kichwani mwa rubani.

Pale Kona Baridi ardhi inaanguka. Barabarani huwa unahisi masikio tu, na dereva akibadilisha gia. Kutoka juu unaona jinsi nchi ilivyopasuka: kingo za Bonde la Ufa zikishuka ngazi kwa ngazi, kijani kikigeuka kahawia, kahawia kikigeuka rangi ya majivu. Barabara ya Magadi ilijipinda chini yetu kama uzi uliodondoka. Tuliifuata. Nilimwonyesha Olorgesailie, mahali ambapo mashoka ya mawe ya watu wa kale, yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka, yamelala wazi juu ya udongo. Akasema shule yao ya msingi ilikuwa ikipelekwa huko kila mwaka hadi wakayachukia yale mawe.

Tulienda kwanza hadi Ziwa Magadi. Ziwa hilo halina haja ya kusifiwa. Ni magadi meupe yaliyotandazwa kama chokaa, mabwawa ya waridi na mekundu katikati yake, na kiwanda kimekaa ukingoni. Upande wa kusini, kwenye maji ya kina kifupi, kulikuwa na flamingo, nasi tukakaa juu mbali nao ili tusiwarushe. Rafiki yangu alipiga picha nyingi. Aliongea sana. Aliniambia habari za mjomba wake aliyefanya kazi kiwandani, na za chumvi iliyokuwa ikibebwa nyumbani kwenye mfuko wa unga. Nilijua anaongea kwa sababu tulikuwa bado hatujageuka.

Tukageuka.

Nilikuwa nimepanga kupita kwao kwa futi 4,500, ambayo pale ni kama futi 1,200 juu ya ardhi. Alikuwa ameniwekea alama kwenye ramani, lakini hakuihitaji. Ukiwa juu ya setilaiti kila kitu ni mstari, na ukiwa chini kwa miguu kila kitu ni mti na jiwe. Tulikuwa katikati, na hapo mstari na mti vinaonekana pamoja. Aliuona ua mpya: nguzo zilizonyooka kwa rula, na ndani yake nyumba ya mawe ambayo haijaezekwa. Akaona pia njia za ng'ombe, zile nyuzi nyeupe za vumbi zinazoshuka kuelekea maji. Zilifika kwenye ua, zikakatika, kisha zikaendelea upande wa pili kana kwamba ua haukuwepo.

"Wanapita wapi sasa?" akauliza. Hakuwa akiniuliza mimi.

Kisha boma lao. Mapaa matatu ya mabati, zizi la miiba, mti wa mgunga mmoja mkubwa. Nikaanza mzunguko mpana upande wake wa kulia ili aone vizuri. Tulipofika nusu ya mzunguko, mtu alitoka ndani ya nyumba ya katikati. Shuka jekundu. Akasimama uwanjani, akainua mkono.

"Ni Yeyo," akasema. Halafu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Ananipungia. Shuka. Shuka kidogo nimwone uso."

Nikamsikia.

Hapa ni lazima nieleze jambo la hesabu. Ndege inapozunguka huegama, na inapoegama bawa linabeba zaidi ya uzito wa ndege. Ukiegama nyuzi 60 bila kupoteza mwinuko, kila kitu ndani huwa na uzito maradufu. Kilo zetu 129 zingekuwa 258, na chuma vilevile. Bawa linalobebeshwa hivyo linahitaji kasi kubwa zaidi ili lisiache kubeba. Sasa mweke rubani anayezunguka nyumba ya watu anaowapenda. Macho yake yako chini. Nyumba inamtoroka, anaegama zaidi ili aifuate. Pua inainuka kidogo, kasi inapungua kidogo, na hakuna kinachomwambia kwa sababu haangalii ndani. Kutoka futi 1,200 unaweza kuwa na nafasi ya kujirekebisha. Kutoka futi 300 huna. Marubani wamekufa hivi katika nchi nyingi, wakiwapungia mkono mama, wachumba, watoto waliotoka nje kuwaangalia. Ni kifo cha mapenzi, na mashahidi wake huwa ni watu wa nyumbani.

Sheria inakataza kushuka chini ya futi 500 juu ya watu na nyumba za mashambani, lakini sikuwaza sheria. Ilikuwa karibu saa tatu kasoro robo, jua limeshaanza kulipasha bonde, na ndege ilikuwa ikirushwarushwa. Mbele yetu kulikuwa na futi 3,000 za kupanda tena ili tuvuke Kona Baridi, na mawingu ya kwanza yalikuwa yakikusanyika juu ya Ngong. Niliwaza pia kwamba alikuwa akilia, na kwamba nilitaka kumpa alichokiomba kuliko nilivyotaka kitu chochote asubuhi ile.

"Hapana," nikasema. "Nitazunguka mara moja zaidi, kwa upana huuhuu. Kisha tunaenda."

"Futi mia tatu tu. Tafadhali."

"Hapana."

Katika miaka yetu mitatu ya urafiki sikuwa nimemkatalia jambo kubwa. Tumekopeshana pesa za kodi, tumesemeana uongo kwa wasimamizi wa hosteli, tumekubaliana mambo ambayo hatukuyaamini ili usiku upite. Urafiki wetu ulikuwa umejengwa juu ya ndiyo. Nilizunguka mara moja zaidi, nikitazama kasi, upeo wa macho, kasi, upeo wa macho. Sikumtazama yeye wala boma. Kisha nikanyoosha mabawa nikaelekea kaskazini.

Hakusema neno hadi Wilson. Hedifoni za ndege zina ubaya wake, kwani unasikia pumzi za mwenzako kana kwamba yumo ndani ya sikio lako. Nilizisikia kwa dakika ishirini na kitu. Nilitua vizuri, na hakuna aliyelitaja. Alinunua chai kama tulivyokubaliana. Tukainywa tukiangalia ndege za watu wengine.

Siku ya tano alinitumia ujumbe. "Ungekuwa peke yako, na ni nyumba ya mjomba wako, ungeshuka?"

Nikamwandikia kwamba nisingeshuka, ila nikiwa peke yangu ningebishana na nafsi yangu kwa muda mrefu zaidi. Akasoma, hakujibu.

Jumapili iliyofuata alipanda matatu ya Kiserian, kutoka hapo akapata gari la Magadi, akakaa mbele na dereva. Najua kwa sababu alinitumia picha ya ua kutoka barabarani. Kutoka huko ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, na njia ya ng'ombe ilikuwa imeziba kwa miiba. Baada ya hapo kimya hadi saa mbili usiku, aliponipigia akiwa amesimama nje mahali ambapo simu hushika mtandao. Nilisikia mbuzi.

"Kumbe hakuwa akinipungia," akasema.

"Nani?"

"Yeyo. Siku ile. Alidhani ni wapimaji wamerudi kupima na sehemu iliyobaki. Ile ilikuwa fimbo, wewe. Alikuwa anatufukuza."

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, kisha tukaacha. Akaniambia mama yake alikuwa amemweleza habari za ile karatasi, taratibu, tangu mwanzo: deni la hospitali la baba, kiasi chake, na nani aliyekuja kudai. Hakuna mtoto aliyekuwa ameambiwa. Rafiki yangu alisema bado ana hasira, na kwamba kesho wangeenda pamoja kuzungumza na mwenye ua kuhusu njia ya ng'ombe. Alikuwa amebeba ramani zake ndani ya mkoba.

"Nimemwambia ndege ilikuwa yetu," akaendelea. "Sasa anauliza, huyo aliyekuwa akiiendesha ni mtoto wa nani?"

"Mwambie ni wa fundi wa Wilson."

Nikasikia wakiongea Kimaa kwa muda, sauti ya mama ikiwa chini na ya kukwaruza, kwa mara ya kwanza karibu nami.

"Anasema uje," rafiki yangu akarudi kwenye simu. "Lakini kwa barabara."

Nikauliza nibebe nini.

"Sukari," akasema. "Na majani ya chai."